Mafuta ya Nazi: Yasichache Kabla ya Kuuzwa

Vikundi vyetu vya pwani, kuanzia Kwale hadi Kilifi, vinajua kupika mafuta ya nazi. Shida tunayoisikia ni hii: siku ya kwanza yananukia vizuri, halafu baada ya muda mnunuzi anarudisha chupa akisema yamechacha. Pesa zimepotea, na mnunuzi naye amekwenda. Mara nyingi kilichoharibu ni maji yaliyobaki ndani.

Chagueni nazi zilizokomaa, si koroma. Mkishakuna kwa mbuzi, kamueni tui zito na kuliacha usiku kucha kwenye chombo safi kilichofunikwa. Asubuhi lile zito litakuwa limepanda juu, maji yako chini. Engueni la juu, mlipike kwa moto mdogo mkikoroga. Hapa ndipo wengi wetu tuna haraka. Sufuria itatoa povu na kutatarika. Hayo ni maji yanayotoka. Msiipue mpaka sauti iishe yenyewe na mashapo yawe ya kahawia. Yakiwa meusi mmechelewa, mafuta yatanuka moshi. Chujeni kwa kitambaa kikavu, yakipoa tieni kwenye chupa zilizooshwa na kukauka kabisa. Tone moja la maji ndani ya chupa ni hasara. Machicha wapeni kuku.

Wanaopeleka bara wajue jambo moja. Yakifika Limuru ama Nyahururu yataganda, yawe meupe kama samli, na mnunuzi atadhani mmechanganya kitu. Mwelezeni kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa ikisimamishwa kwenye maji ya uvuguvugu, yanayeyuka tena.

Jikoni ni matamu kwa mboga na samaki, lakini tuyatumie kwa kijiko, tusimimine. Yana mafuta mengi ya aina ile inayoganda, ambayo yakizidi hupandisha kolesteroli kwenye damu.

Kwa ngozi kavu, pakeni kidogo mara baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Nywele pia hulainika. Ila mtoto akiungua, tafadhali akina mama, msimpake mafuta yoyote! Yanafungia joto ndani. Mwagieni palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe kliniki. Na muuzaji asitangaze mafuta haya kuwa dawa ya ugonjwa wowote.

Kabla ya kupeleka dukani, ulizeni kwanza habari za alama ya ubora ya KEBS.

Sasa kazi ya kikundi. Mpikapo tena, mwekahazina aandike nazi zilikuwa ngapi na zilinunuliwa pesa ngapi, kuni, chupa, nauli, na saa ambazo watu walikaa jikoni. Jumla igawanywe kwa idadi ya chupa zilizojaa. Kisha linganisheni na bei mnayouzia sasa, na mjadiliane kama ibaki hiyo.