UZITO WA KIWILIWILI

Mama mumoja alikuja kwetu akishika kiuno. Nikamwuliza: “Mama, ulibeba muzigo gani?” Akajibu: “Sikubeba kitu. Niliinama tu kungoa majani katika shamba.” Lakini alibeba kitu. Alibeba kiwiliwili chake mwenyewe.

Kiwiliwili ni mwili pasipo kichwa, mikono na miguu. Je, uzito wake ni kilo ngapi? Mukono unaweza kuukadiri bila kuumiza mutu: uutie katika ndoo iliyojaa, halafu upime maji yaliyomwangika. Uzito wa mukono unapita kidogo uzito wa maji yale. Lakini kiwiliwili ni kazi ngumu, sababu ndani ya kifua kuna mapafu yenye hewa. Kwa macho kifua ni kikubwa, lakini ni chepesi kuliko tumbo lenye ukubwa ule ule.

Kwa hiyo wenye elimu walipima maiti. Braune na Fischer, wa Leipzig katika Ujerumani, waligandisha maiti kwa baridi, wakazikata kwenye viungo, wakapima kila kipande. Walitoa kitabu chao mwaka 1889. Katika mwaka 1955 Dempster wa Marekani alitangaza hesabu ya maiti 8. Aliona hivi: katika kila kilo 100 za mwili, kiwiliwili ni karibu kilo 50, kila muguu 16, kila mukono 5, kichwa na shingo 8. Watu wale walikuwa wanaume, tena wazee. Mama mwenye mimba hana mwili kama wao! Kwa hiyo tunakadiri tu.

Sasa tuhesabu kwa mama wa kilo 60. Kiwiliwili kilo 30, mikono yote miwili 6, kichwa 5: jumla 41. Tukiondoa nyonga, inabaki kama kilo 33 juu ya kiuno. Akisimama wima, mifupa inachukua uzito ule. Akiinama, uzito unakwenda mbele, labda sentimeta 25 toka mufupa wa kiuno, lakini nyama za mugongo zinazomushika ziko nyuma yake sentimeta 5 tu. Ni kama mizani yenye upande mumoja mufupi: nyama zile zinapaswa kuvuta mara 5, ni kusema kilo 165, hata mikono ikiwa mitupu. Akiinua ndoo ya maji akiwa ameinama vile, uzito wa ndoo nao unaongezwa mara nyingi.

Tulimwonyesha mama yule kupiga goti moja chini akingoa majani, na kuvuta ndoo karibu na tumbo mbele ya kuiinua. Alicheka, akasema shamba lina matope.