Nyumba ya wakfu yaweza kuuzwa?

SWALI: Marehemu babu yetu aliiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya msikiti. Sasa baadhi ya wajukuu wanataka iuzwe tugawane. Utaratibu huu ulitoka wapi, na je, unatufunga?

JIBU: Unawafunga. Nyumba hiyo ilitoka katika mirathi siku babu yenu alipoiweka wakfu.

Msingi wa utaratibu huu ni kisa cha Umar bin Khattab. Alipata shamba zuri huko Khaybar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Akaelekezwa azuie shamba lenyewe na atoe mazao yake sadaka. Tangu hapo likawa haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi zawadi. Mazao yakaenda kwa maskini, jamaa, wasafiri na wageni. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa kiasi, bila kujilimbikizia.

Kwa njia hiyo miji ya Kiislamu ilijenga mengi. Mjini Cairo, hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa miaka ya 1284 na 1285, iliendeshwa kwa mapato ya wakfu: dawa, chakula na mishahara ya matabibu vyote vikitoka humo. Chuo cha Al-Azhar nacho kiliwalisha wanafunzi wake vivyo hivyo kwa karne nyingi.

Madhehebu ya Hanafi na Hanbali yanaruhusu kubadilisha mali ya wakfu kwa masharti, hasa ikiwa haina faida tena. Washafii, wanaofuatwa na wengi pwani yetu, ni wakali zaidi. Lakini hakuna anayeruhusu warithi kugawana fedha. Kama nyumba imechakaa, mwoneni kadhi mkiwa na hati ya wakfu.