Somo la Nne: Shibiri, Jicho na Swali katika Ununuzi wa Samaki wa Maji Baridi

Samaki ni chakula chepesi kuharibika, na kosa la mnunuzi hugunduliwa nyumbani, fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Somo hili lamfundisha mlaji mambo matatu ya kutazama kabla ya kulipa: urefu wa samaki, ubichi wake na asili yake.

1. Urefu

Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, zinakataza kuvua na kuuza sato asiyefikia sentimita 25 na sangara asiyefikia sentimita 50. Kusudi lake ni kumwachia samaki nafasi ya kuzaa kabla ya kuvuliwa. Anayenunua samaki mchanga hujipunja mara mbili: leo hulipia kichwa na miba badala ya mnofu, na kesho hukuta samaki wameadimika na bei imepanda.

Ni wachache waendao sokoni na rula, lakini kila mtu ana kipimo mwilini mwake. Shibiri ya mtu mzima, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho mkono ukiwa umetandazwa, hukaribia sentimita 20. Dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, hukaribia sentimita 45. Kwa kuwa mikono haifanani, jipime nyumbani mara moja kwa rula na uzikumbuke tarakimu zako. Kwa mkono wa kadiri hiyo, sato halali huizidi shibiri kwa upana wa vidole vitatu hivi, na sangara halali huizidi dhiraa.

Tahadhari: si kila samaki mdogo ni mchanga. Dagaa na furu ni wadogo kwa maumbile, nao hawapimwi kwa kipimo hiki.

2. Ubichi

Samaki mbichi ana macho angavu yaliyotuna, magamba yaliyoshikamana na ngozi, na matamvua mekundu. Mbonyeze kwa kidole: mnofu wake hurudi mahali pake. Aliyeanza kuoza macho yake yamezama, matamvua yamekuwa ya kahawia, tumbo limelegea, na alama ya kidole hubaki. Muuzaji akikataa matamvua yasifunuliwe, mlaji ana haki ya kwenda kwa mwingine.

Tazama pia barafu. Katika nchi za joto, kilo moja ya samaki huhitaji takribani kilo moja ya barafu. Vipande vichache vilivyotandazwa juu ya rundo ni pambo tu.

Kwa dagaa wakavu, chagua waliokaushwa juu ya vichanja. Walioanikwa chini hubeba mchanga, nawe utaulipia kwa bei ya dagaa.

3. Asili

Jicho lina mipaka. Samaki aliyevuliwa kwa sumu anaweza kuonekana mzima kabisa, wala jiko si tiba ya kutegemewa ya sumu hiyo. Kwa hiyo uliza: amevuliwa wapi, lini, na kwa zana gani? Shuku samaki wa aina na ukubwa mbalimbali wanaouzwa ghafla kwa bei ya kutupa. Aliyeuawa kwa baruti mara nyingi huwa na uti uliovunjika na damu iliyovilia tumboni.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi. Hasara iliwafikia hata wavuvi waadilifu.

Kwa sato au kambare wa bwawani, uliza kama walihamishiwa kwenye maji safi kwa siku chache kabla ya kuuzwa. Wasipohamishwa, huenda wakawa na ladha ya tope. Ladha hiyo haimaanishi kuwa samaki ameoza, lakini hupunguza thamani yake.

4. Mizani

Fungu huficha uzito. Inapowezekana, nunua kwa kilo, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na hakikisha inasoma sifuri kabla samaki hajawekwa.

Zoezi

Muuzaji anakupa fungu la sato sita, kila mmoja mfupi kuliko shibiri yako ya sentimita 21. Kwa bei hiyohiyo yupo sato mmoja anayeizidi shibiri kwa vidole vinne, mwenye matamvua mekundu. Utachagua yupi, na kwa sababu zipi?

Jibu: Chagua mmoja. Wale sita hawajafikia kipimo cha sheria, na sehemu kubwa ya uzito wao ni kichwa na miba. Huyu mmoja ni mbichi, ana mnofu, na wale sita wangeachwa ziwani wangepata nafasi ya kuzaa.