Maarifa ya Hospitali Yasikae Kichwani mwa Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, muuguzi anayekufahamu akihamishwa kesho, nani atajua ugonjwa wako ulianza lini na ulipewa dawa gani? Hilo ndilo somo letu la leo.

Sisi wa Rusizi tunaishi mpakani. Niliwahi kumsindikiza mama aliyevuka kutoka Bukavu akiwa katika matibabu ya kifua kikuu. Fishi yake ilipotea njiani. Alikumbuka rangi ya vidonge, lakini si mwezi aliofikia. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina 4, kisha miezi 4 dawa za aina 2. Muuguzi angempa zipi? Siku kadhaa zilipita tukiulizia kule alikotoka. Dawa zikikatizwa, vijidudu vinaweza kuzizoea, na ugonjwa ukawa mgumu kutibu.

Ndiyo maana hospitali zinahitaji mfumo wa kutunza maarifa. Mfumo huo una mambo matatu: kuandika kinachojulikana, kukiweka mahali kinapopatikana, na kumfikishia anayekihitaji.

Majirani zetu Kenya walianza mapema. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kiliingiza habari za wagonjwa katika kompyuta. Uzoefu huo ulisaidia kuzaliwa kwa programu ya OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004. Mwaka 2006 programu hiyo ilianza kutumika hapa Rwanda, katika hospitali ya Rwinkwavu.

Lakini kompyuta haijui lolote ambalo halikuandikwa. Kwa hiyo wewe pia una kazi:

1. Tunza fishi yako na kadi ya chanjo ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki.
2. Tumia jina lilelile na tarehe ileile ya kuzaliwa kila unapoandikishwa.
3. Jifunze jina la dawa yako na tarehe uliyoanza.
4. Kabla ya kuhamia kambi nyingine, omba karatasi ya uhamisho.
5. Usionyeshe fishi kwa kila mtu. Ni siri yako na mganga wako.

Nasi wahudumu wa afya, tusiondoke zamu bila kuandika tulichokiona. Anayeingia baada yetu asianze upya, kwa maana mgonjwa hana muda wa kusubiri.

Ndugu msomaji, leo jioni itafute fishi yako. Iko wapi?