MAPISHI YA SIKU ZIJAZO: SOMO KWA WENYE NYUMBA WA KALOLENI

Chakula cha jioni katika nyumba nyingi za Kaloleni, mtaa ulio upande wa mashariki wa Nairobi, hujulikana hata kabla sufuria haijafunuliwa: ugali wa unga mweupe, sukuma wiki, na siku za mshahara kipande cha nyama kutoka soko la Burma lililo karibu. Wengi hudhani kwamba hiki ndicho chakula cha mababu. Sivyo. Asili ya mahindi ni bara la Amerika, nayo yalifika pwani ya Afrika katika zama za Wareno, baada ya mwaka 1500. Jina lake la Kiswahili huwapoteza watu, maana lasema kana kwamba yalitoka India. Huku bara, katika nyanda za juu na kando ya Ziwa Victoria, watu waliishi kwa wimbi na mtama karne nyingi. Mahindi meupe yalichukua nafasi hiyo katika karne ya 20, yakiletwa na mashamba ya walowezi na kwa posho waliyogawiwa vibarua wa mashamba, wa reli na wa mji. Hata sukuma wiki ni mgeni aliyetoka Ulaya. Mzee wa mwaka 1900 angaliambiwa kwamba wajukuu wake watakula unga mweupe kila siku, angalidhani anasimuliwa ndoto.

Basi ugali wenyewe uliwahi kuwa chakula cha siku zijazo, na yafaa mwenye nyumba ajiulize ni chakula gani kitakachoufuata. Sababu za kujiuliza zi wazi. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingia sumukuvu, yaani sumu itokayo katika ukungu wa nafaka isiyokaushwa vema, yaliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui. Mwaka 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana Bomet, ukakausha mashamba mabichi. Mwaka 2017 unga uliadimika madukani hata serikali ikalipa sehemu ya bei ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90. Mwaka 2022 ikalazimika kufanya vivyo hivyo tena, safari hii kwa shilingi 100. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa mwaka 2023, misimu mitano ya mvua ilipita kwa mfululizo bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya. Mama ajuaye kupika kitu kimoja tu, siku kitu hicho kikikosekana hana la kufanya ila kusimama katika foleni.

Wako mabingwa waliokwisha kutabiri chakula cha siku zijazo. Mwaka 1894 mtaalamu wa kemia wa Ufaransa, Marcellin Berthelot, alieleza kwamba ifikapo mwaka 2000 wanadamu watalishwa na vitu vilivyotengenezwa kwa kemia, bila haja ya mashamba. Mwaka 1930 Marinetti, mshairi wa Italia, aliwataka Wataliani waache tambi, chakula wakipendacho kuliko vyote, akatunga mapishi ya ajabu ya zama mpya. Mwaka 2000 ulifika. Wataliani walikuwa wakila tambi, na Kaloleni walikuwa wakisonga ugali. Mwaka 2013 kipande cha nyama ya kusaga, kilichooteshwa maabarani na mtaalamu Mholanzi Mark Post bila kuchinja ng'ombe, kilikaangwa na kuonjwa mbele ya watu London. Gharama ya kukitengeneza ilikuwa kiasi cha Euro 250,000. Yamkini nyama hiyo itashuka bei siku moja, lakini haitapikwa Jumamosi hii.

Kosa la watabiri wa namna hii ni kwamba waliwaza chakula pasipo kumwaza mpishi. Njia iliyo bora ni kuchagua taabu moja inayoweza kuja, kisha kuuliza mambo matatu: ni kitu gani kitakachokosekana, ni kitu gani kitakachobaki sokoni, na je, walaji watakikubali? Swali la tatu ndilo ambalo wakubwa hulisahau. Wakati wa ukame wa mwaka 1984 mahindi ya manjano yaliletwa Kenya kutoka ng'ambo, na watu wengi waliyala kwa uso uliokunjamana, wakiyaita chakula cha njaa. Nayo mahindi ya manjano yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na meupe hayana! Lakini mlaji hatafuni vitamini. Mlaji hutafuna ladha, harufu na heshima yake.

Na ichukuliwe taabu ya kwanza: mwaka ambao mahindi hayakuota. Mtama huvumilia ukame kuliko mahindi. Wimbi, ambalo asili yake ni nyanda za Afrika ya Mashariki, hukaa ghalani miaka mingi bila kuliwa na wadudu, tena lina madini ya chokaa, yajengayo mifupa na meno ya watoto, zaidi ya mara kumi kuliko mahindi. Muhogo hungoja ardhini hata mwenyewe autake. Watu wa Nyanza na wa Magharibi hawakuacha kabisa kuchanganya vitu hivi, na Kaloleni, ambamo jamaa zao ni wengi, wapo akina mama wanaojua kazi hii tangu utoto wao. Wenzao wangefaa kuwauliza.

Mpishi atwae vikombe 2 vya unga wa mtama, kikombe 1 cha wimbi na kikombe 1 cha unga wa muhogo mkavu. Unga wa muhogo anunue kwa mtu anayejulikana, kwa maana muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo una sumu. Achemshe vikombe 6 vya maji. Kabla hayajachemka, atoe maji kidogo ya baridi na kuyakoroga na konzi mbili za unga, kisha amimine uji huo sufuriani. Hapo unga utakaofuata hautafanya madonge. Maji yakitokota atie unga uliosalia kidogo kidogo, akisonga kwa mwiko, apunguze moto, afunike, na kuendelea kugeuza kwa dakika 10 au 15. Muhogo ndio unaoshikamanisha. Ukizidi, ugali huvutika kama ulimbo, na watoto watacheka badala ya kula. Rangi itakuwa ya udongo mwekundu. Mpishi asiombe radhi kwa rangi hiyo.

Kitoweo chake kiwe mnavu pamoja na dagaa, ambao Nairobi wajulikana zaidi kwa jina la omena. Dagaa waoshwe katika maji ya moto mara tatu au nne mpaka mchanga uishe, wakaangwe hata wakauke, kisha watiwe kitunguu na nyanya. Mnavu uchemshwe, umwagwe maji ya kwanza ikiwa uchungu wake wawachukiza wageni, na umalizwe kwa maziwa juu ya moto mdogo. Watu waliozoea mnavu watasema kwamba kumwaga maji ni kuharibu. Huo ni ugomvi wa zamani, nao si wa kuamuliwa hapa.

Taabu ya pili ni ya ngano. Kenya hununua ngano yake nyingi kutoka nchi za nje, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 mpishi wa chapati alivihisi katika pochi yake, ingawa hakupata kuiona nchi hiyo. Hapa chakula cha kubuni ni chapati ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Viazi hivi ni chanzo kizuri cha vitamini A, na kazi ya kuvieneza katika Afrika ilipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Miongoni mwa wanne walioipokea alikuwa Mganda, Robert Mwanga. Viazi vipikwe kwa mvuke pamoja na maganda yake, maana vikichemshwa katika maji mengi hulegea. Vimenywe na kupondwa vikiwa moto. Kwa vikombe 2 vya unga wa ngano kitiwe kikombe 1 cha viazi, chumvi, na kijiko kimoja cha mafuta; mafuta husaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Maji yatiwe mwisho kabisa, tena kwa vidole, kwa kuwa viazi vimekwisha kuleta maji yao. Hapo ndipo wengi hukosea: hutia maji kama walivyozoea, donge likawa tope, wakaongeza ngano mpaka ile faida ikapotea. Donge lipumzike nusu saa, kisha lisukumwe na kupikwa kama kawaida. Chapati itakuwa laini na yenye utamu kidogo, nzuri kwa maharagwe kuliko kwa chai yenye sukari nyingi.

Taabu ya tatu haihusu chakula chenyewe. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda upesi mjini. Tena imezungumzwa mara nyingi juu ya kuzibomoa nyumba za kale za mitaa ya Eastlands na kujenga ghorofa mahali pake. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa nyumba fupi za mawe zenye nafasi ya wazi kati yake. Ndiyo maana jiko la makaa huwekwa mlangoni, na gunia la udongo lenye mchicha husimama karibu na ukuta. Mtu atakayehamia orofa ya sita atapika wapi maharagwe ya saa tatu? Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kelele.

Kwa hiyo na abuni chungu kisicho na moto. Atwae kikapu kikubwa, akitandike blanketi kuukuu pande zote, na kushona mto wa kukifunika. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Yatiwe maji mapya na kuchemshwa kwa nguvu muda wa nusu saa. Wakati huu usipunguzwe, kwa maana maharagwe, hasa yale mekundu, yakipashwa tu bila kutokota huumiza tumbo vibaya. Ndipo sufuria yenye kifuniko ihamishwe haraka kikapuni na kufunikwa kwa saa nne. Kwa githeri, mahindi makavu ni magumu mno kwa njia hii. Yafaa muthokoi wa Wakamba, yaani mahindi yaliyotwangwa na kuondolewa ganda. Chakula kikitolewa kikapuni kirudishwe motoni mpaka kitokote tena kabla ya kupakuliwa, ili vijidudu visipate nafasi.

Imebaki habari ya nyama. Wataalamu wa wadudu wa kituo cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wamechunguza wadudu wafaao kuliwa, na nyenje hufugwa leo kama kuku wafugwavyo. Anayeona kinyaa akumbuke kumbikumbi, ambao watoto wa Nyanza na Magharibi huwakimbilia mvua inapoanza. Kijiko kimoja cha unga wa nyenje katika kikombe cha uji wa wimbi hakionekani kwa macho, bali huongeza kijenga mwili kwa mtoto asiyepata nyama. Mtu ambaye mwili wake hukataa kamba wa baharini asionje, kwa kuwa huenda ukawakataa na nyenje. Wala haifai kuwalisha watu kitu hiki kwa siri; waambiwe kwanza, kisha wachague.

Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoundwa mwaka 1952, kilifundisha mapishi, ushonaji na usafi katika vikundi vya akina mama, na njia ile ya kikundi yafaa hata sasa. Majirani wanne au watano wa Kaloleni wangeweza kugawana kazi, kila mmoja akachukua taabu yake na kuleta sufuria yake Jumamosi. Kujaribu kufanywe wakati chakula cha kawaida kingalipo, kwa kipimo kidogo, maana mlo mpya unaoharibika siku ya njaa ni hasara mbili. Na daftari liwepo: unga kiasi gani, makaa ya shilingi ngapi, dakika ngapi, na mwishoni kabisa, pasipo haya, iandikwe ni sahani zipi zilizorudi na chakula.