Treni ya 160: Tozo, Tiketi na Nyaya za Juu

Abiria wa Dar es Salaam na Dodoma wameshazoea kuiita treni ya umeme ya SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, "mwendokasi", na jina limeshika. Ila kwa kipimo cha Muungano wa Kimataifa wa Reli, reli mpya huhesabiwa ya mwendo kasi ikijengewa kilomita 250 kwa saa na kuendelea. SGR yetu ya umeme imejengewa 160. Al Boraq ya Moroko, iliyoanza 2018, hufika 320, lakini njia yake ya kasi ni ya abiria tu.

Hapo ndipo sera yetu ilipotofautiana nayo. Serikali ilitaka reli moja ibebe watu na mizigo, kwa kuwa bandari ya Dar es Salaam inahudumia pia Rwanda, Burundi na Kongo. Treni ya mzigo imewekewa kikomo cha 120. Ukiichanganya na treni ya 320, kwanza moja itaizibia nyingine njia. Pili, kwenye kona za kasi kubwa reli huinamishwa upande. Treni nzito ikipita hapo polepole, uzito mwingi hulalia reli ya ndani na kuila. Tena kasi ikiwa mara mbili, nishati ya kuondoa ili treni isimame huwa mara nne. Kwangu mimi 160 inatosha: takriban saa tatu na nusu uko Dodoma, wakati basi ndiyo kwanza linaitafuta Morogoro.

Nani analipa? Mikopo, bajeti, na tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanzishwa 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zilizoagizwa nje. Kwa hiyo hata asiyewahi kupanda treni huenda ameshaichangia dukani. Nauli hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA): safari zilipoanza 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Ukiwa na malalamiko, anza na Shirika la Reli Tanzania (TRC). Usiporidhika, peleka LATRA.

Tiketi hukatwa mtandaoni au stesheni, kwa jina lako. Beba kitambulisho chenye jina hilohilo na uwahi ukaguzi, maana foleni ya barabarani haijawahi kuwa udhuru mbele ya treni.

Wanaoishi kando ya reli wana la ziada. Nyaya za juu zina volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho unaweza kukuruka bila hata kugusa waya. Usipite karibu nazo na bomba refu au ngazi, wala usikwee paa la behewa. Mifugo ipitishwe kwenye vivuko vya chini, si kwenye tundu la uzio. Watoto waelezwe mapema: treni hii haina muungurumo wa ile ya dizeli waliyoizoea. Unapoisikia, imeshafika.