Kumwagiza Mfinyanzi Buli na Vikombe vya Chai: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Arubuni

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mteja anayeagiza vyombo vya chai kwa mfinyanzi, methali hii ina maana ya moja kwa moja. Kikombe kikiwa kibichi, mkono wake unaweza kusogezwa na mdomo wake ukapanuliwa. Kikishapita motoni, kasoro iliyomo haitoki tena, na kinachobaki ni lawama, hasara na arubuni iliyokwisha kutumika.

Somo hili linawalenga wakazi wa Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu na maeneo jirani, hasa wenye vibanda vya chai na mikahawa midogo, vikundi vya akina mama vinavyokodisha vyombo, na familia zinazojiandaa kwa harusi. Msomaji atajifunza mambo matatu: kuchagua chombo kinachofaa chai, kueleza kipimo anachotaka bila utata, na kuandika makubaliano yanayomlinda yeye na fundi wake.

Ufinyanzi wa hapa nyumbani

Bara ya Mombasa si ngeni kwa kazi ya udongo. Jomvu Kuu, kando ya mkono wa bahari wa Tudor, inajulikana kwa wanawake wafinyanzi wanaoumba vyombo kwa mkono: mitungi ya maji, vyungu vya kupikia, makaango ya samaki na vyetezo vya kufukizia udi. Katika makumbusho ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kuna vyombo vya udongo vilivyochimbuliwa katika magofu ya pwani, pamoja na vyombo vya kaure vilivyoletwa kwa jahazi na meli kutoka China.

Mchanganyiko huo unaeleza jambo moja. Kwa karne nyingi chungu cha jikoni kilifinyangwa hapa hapa, lakini vyombo vingi vya mezani vilivyong'aa vilitoka ng'ambo. Ndiyo maana mtu anayekwenda kwa mfinyanzi kutaka buli anaomba kitu tofauti na mtungi au chetezo. Fundi hodari wa mitungi huenda hajawahi kufinyanga buli hata moja, na hilo si kosa lake. Ni wajibu wa mteja kuuliza mapema, na kuomba kuona au kushika kazi ya namna hiyo ambayo fundi amekwisha kuifanya.

Chombo cha maji si chombo cha chai

Chungu cha jadi huchomwa kwa kuni, makumbi au nyasi katika moto wa wazi. Moto wa namna hiyo kwa kawaida haupiti nyuzi 900 za Selsiasi. Udongo hukauka na kuwa mgumu, lakini hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa mtungi, vitundu hivyo ni baraka: maji kidogo hupenya hadi nje, hugeuka mvuke na kuuacha mtungi ukiwa baridi.

Kwa chai ya maziwa, sifa hiyo hiyo ni balaa. Maziwa na sukari huingia ndani ya udongo, na sabuni haiwezi kuvifuata huko. Baada ya siku chache kikombe huanza kunuka na kuwa maskani ya vijidudu. Kwa hiyo chombo cha chai huhitaji mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kupakwa gilezi, yaani tabaka linaloyeyuka motoni na kuwa kama kioo. Ya pili ni kutengenezwa kwa udongo mgumu unaochomwa kwenye tanuri la gesi au umeme hadi kati ya nyuzi 1,200 na 1,300, ambapo udongo wenyewe hufunga vitundu vyake. Mafundi wengi huunganisha njia zote mbili.

Kuhusu gilezi, kuna swali ambalo mteja hapaswi kuona haya kuliuliza: je, ina madini ya risasi au kadimiamu? Gilezi yenye risasi inaweza kuachia sumu ndani ya kinywaji, na hatari huongezeka kinywaji kikiwa kichachu, kama vile chai ya ndimu au maji ya ukwaju. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Fundi anayejua kazi yake atataja gilezi anayotumia na mahali alipoinunua. Asiyejua kilichomo ndani ya gilezi yake, vyombo vyake viwe vya mapambo tu.

Kuna jaribio rahisi la nyumbani: kipande cha limau huachwa juu ya gilezi usiku kucha. Asubuhi, rangi ikiwa imefifia au kubadilika, chombo hicho hakifai kwa chakula wala kinywaji. Hata hivyo, rangi kutobadilika si ushahidi kwamba risasi haimo. Uhakika kamili hutoka maabara, na anayeagiza vyombo vingi kwa biashara anaweza kuulizia huduma hiyo kwa Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS.

Kipimo: kosa linalokula faida

Tuchukue mfano wa mama muuza chai karibu na kivuko cha Likoni. Kila siku anapika lita 10 za chai na kuuza kikombe kimoja cha mililita 200 kwa shilingi 20. Hapo anapata vikombe 50, sawa na shilingi 1,000. Sasa anaagiza vikombe vipya vya udongo akisema tu, "Nataka vya wastani." Vinakuja vya mililita 250, vizuri vya kupendeza. Bei ya chai haijabadilika, lakini lita zile zile 10 sasa zinatoa vikombe 40 tu. Anapoteza shilingi 200 kila siku. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 5,200 zinazokwenda bila kuonekana.

Kwa hiyo kipimo kitajwe kwa mililita, na isemwe pia kama ni hadi ukingoni au hadi pale chai inapokomea. Mteja anaweza kubeba kikombe anachokitumia, kukijaza maji hadi anapotaka, kisha kuyamimina kwenye chombo cha kupimia mbele ya fundi.

Jambo la pili ni kwamba udongo hunywea. Unapokauka na kuchomwa, hupungua kila upande, na kiasi cha kupungua hutegemea aina ya udongo. Tuseme udongo wa fundi hupungua kwa asilimia 12. Kikombe kibichi chenye kimo cha sentimita 10 kitabaki na sentimita 8.8. Ujazo hupungua zaidi, kwa sababu urefu, upana na kina vyote vimepungua: 0.88 × 0.88 × 0.88 ni takriban 0.68. Kikombe kinachochukua mililita 300 kikiwa kibichi kitachukua takriban 204 kikitoka kwenye tanuri. Mteja anayetembelea karakana asishtuke kuona vikombe vikubwa kuliko alivyoagiza, wala asimshurutishe fundi kuvipunguza.

Buli linalomimina vizuri

Buli ndilo mtihani wa mfinyanzi. Kabla ya kazi kuanza, mteja na fundi wakubaliane juu ya mambo yafuatayo:

1. Ncha ya mdomo wa kumiminia iwe sawa na ukingo wa buli au juu yake kidogo. Ikiwa chini, chai itamwagika kabla buli halijajaa.
2. Pale mdomo unapoungana na tumbo pawe na matundu madogo ya kuchuja majani, tangawizi na iliki.
3. Kifuniko kiwe na tundu dogo la kupitisha hewa, na kishikilie vizuri buli linapoinamishwa.
4. Mkono uwe na nafasi ya vidole bila kugusa tumbo lenye moto. Lita moja ya chai ina uzito wa takriban kilo moja, mbali na uzito wa buli lenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba buli si birika. Chai hupikwa kwenye sufuria au birika, kisha humiminwa ndani ya buli. Buli la gilezi likiwekwa juu ya jiko linaweza kupasuka.

Muda wa kazi

Chombo hukauka polepole, na hewa ya pwani yenye unyevu hukichelewesha zaidi, hasa wakati wa masika. Kikichomwa kikiwa na maji ndani, maji hayo hugeuka mvuke kwa nguvu na kukipasua, pengine pamoja na vya jirani yake. Kumharakisha fundi ni kununua vigae. Kwa seti ya vikombe na mabuli, ni busara kuagiza wiki sita hadi nane kabla ya harusi au Ramadhani.

Makubaliano yaandikwe

Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Karatasi moja yenye sahihi mbili, au ujumbe wa simu ambao pande zote mbili zimeukubali, yatosha. Iwe na idadi ya vyombo, ujazo, rangi, aina ya gilezi, bei ya kila kimoja, arubuni, tarehe ya kukabidhi, na nani atabeba hasara vikivunjika njiani. Malipo kwa M-Pesa huacha kumbukumbu. Ya mkononi yaandikiwe risiti.

Vyombo vya mkono havifanani kama vya kiwandani. Tofauti inayokubalika nayo itajwe, kwa mfano mililita 10 zaidi au pungufu. Njia bora ni fundi kutengeneza sampuli moja kwanza na kulipwa kwa kazi hiyo. Mteja akiikubali, sampuli huwekwa kando hadi siku ya makabidhiano. Aidha, baadhi ya vyombo huharibika motoni, hivyo fundi wa vikombe 24 huhitaji kufinyanga 28 au zaidi. Gharama hiyo imo ndani ya bei, na anayebembeleza bei ishuke sana asishangae ubora nao ukishuka.

Mteja naye ana wajibu. Akibadili nia baada ya jina la familia au la mkahawa kuchorwa kwenye vyombo, hakuna mtu mwingine atakayevinunua. Mfinyanzi hulia gaeni, wasemavyo wahenga, lakini hiyo si sababu ya kumwachia vigae peke yake. Makubaliano yaseme ni lini arubuni haitarudishwa.

Siku ya kupokea

Kila chombo kigongwe taratibu kwa kidole. Sauti inayolia wazi ni njema. Sauti nzito iliyokufa huashiria ufa. Kiwekwe mezani kuona kama kinacheza. Kijazwe maji na kuachwa juu ya gazeti usiku kucha; gazeti likilowa, kinavuja. Gilezi itazamwe kwenye mwanga, kwani nyufa nyembamba kama utando wa buibui hushika maziwa. Buli limiminwe maji pale pale. Wanaovuka kwa feri au kusafiri kwa matatu wafunge kila chombo peke yake kwa gazeti au kitambaa.

Kukitokea mzozo

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kutosha, ulinzi wa afya yake na fidia kwa hasara. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa zilizouzwa kwa kufuata sampuli zilingane na sampuli hiyo. Hata hivyo, hatua ya kwanza ni mazungumzo: fundi apewe nafasi ya kurudia kazi au kupunguza bei.

Ikishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Njia hiyo iko wazi kwa mteja, na iko wazi pia kwa mfinyanzi ambaye hajalipwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtungi mzuri wa maji unaweza kuwa chombo kibaya cha chai ya maziwa?
2. Udongo unaopungua kwa asilimia 10 ukitumika, kikombe kibichi cha mililita 300 kitabaki na ujazo gani? (Jibu: 0.9 × 0.9 × 0.9 × 300, takriban mililita 219.)
3. Taja mambo matano ambayo lazima yawe kwenye makubaliano kabla ya arubuni kutolewa.